Maoni ya Kisiasa Yamo Kwenye Orodha: Sheria ya Usawa Kazini Tunayoiacha Ilale

Leo naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya tume, daftari la wapiga kura na mikutano ya hadhara. Nataka tuongelee ajira, na si kwa ule mtindo tuliouzoea wa kusema "serikali haitoi ajira" halafu kila mtu anaondoka. Nataka tuongelee nani anapata hizo kazi chache zilizopo, nani anaachwa, na sheria inasema nini kuhusu hilo.

Kila wiki kwenye makundi yetu ya WhatsApp kuna kijana anasema amenyimwa kazi au amesimamishwa kwa sababu ameonekana kwenye mkutano wa chama. Majibu huwa ni yaleyale: "pole kamanda", "nchi hii bwana", "ipo siku". Hakuna anayemuuliza imetokea tarehe ngapi, nani alisema nini, na kuna maandishi yoyote? Hakuna anayemwambia kwamba alichofanyiwa, kikithibitika, ni kosa kisheria. Matokeo yake muda wa kulalamika unapita huku tunapeana pole.

Sasa tusome pamoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, katika sera au utaratibu wowote wa ajira. Kisha inataja sababu ambazo haziruhusiwi: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anapotoka, asili yake ya kijamii, maoni ya kisiasa, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, na hali ya maisha.

Rudi usome tena. Maoni ya kisiasa yamo. Hayakuwekwa na chama chetu, wala hayakuletwa na mfadhili wa nje mwaka jana. Yapo kwenye sheria iliyopitishwa na Bunge ambalo chama tawala kilikuwa na wingi wake, na yamo pia kwenye Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 tunayoilalamikia kila siku. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Namba 111, unaohusu ubaguzi katika ajira, mwaka 2002, pamoja na ule Namba 100 wa malipo sawa. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba ukidai usawa kazini unaleta mambo ya kigeni. Nchi yenyewe ndiyo iliyotia saini.

Kuna mambo mengine matatu ndani ya kifungu hichohicho ambayo vijana wengi hawayajui. Kwanza, neno "mfanyakazi" pale linamhusu hata mwombaji wa kazi. Hujaajiriwa bado, umetuma tu barua yako na vyeti, tayari unalindwa. Tangazo la kazi na vigezo vya kuchagua watu navyo vinahesabiwa. Pili, unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu hizo nao ni ubaguzi. Tatu, na hili ndilo kubwa, ukishaonyesha mazingira ya awali yanayoashiria ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua, au kwamba alichofanya hakikutokana na sababu zile. Sheria iliona mbali: mtu aliyekataliwa hana nyaraka za ofisi, mwenye nyaraka ni aliyemkataa.

Hebu sasa tuangalie mtaani hali ikoje.

"Anahitajika dada mwenye mwonekano mzuri, umri 18 hadi 25, asiwe na mtoto." Tangazo kama hili tunaliona kwenye simu kila siku, la kazi ya mhudumu au karani wa duka. Lihesabu mwenyewe: jinsia, umri, majukumu ya familia. Sababu 3 zilizokatazwa ziko kwenye mstari mmoja, na limewekwa hadharani na namba ya simu juu. Hakuna anayeshtuka. Tumezoea mpaka tunalisambaza wenyewe kwa kuambatanisha maneno "fursa hiyo".

Fomu ya maombi ina sehemu ya kujaza dini na kabila. Kwa kazi ya udereva? Kwa kazi ya kutunza stoo? Ukiuliza unaambiwa ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Kumbukumbu za nini, wakati bado hata kazi hujapewa?

Dada anaingia kwenye usaili, anaulizwa ana mchumba, anatarajia kuzaa lini. Mwenzake wa kiume aliyetoka chumba hichohicho hakuulizwa atakuwa baba lini. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Baba anapewa siku 3. Mwajiri akipiga hesabu hiyo anaona mwanamke ni gharama na mwanaume ni nafuu, na ubaguzi unaanza kabla hata ya kazi kuanza. Kwa hiyo zile siku 3 za baba zinamgusa mama pia. Kadiri likizo ya baba inavyokuwa ndogo, ndivyo mwajiri anavyozidi kumuogopa mwanamke.

Halafu kuna rushwa ya ngono. Hii wengine bado wanaiita "maelewano". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitaja wazi kuwa ni kosa kwa mwenye mamlaka kudai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira, cheo au haki nyingine. Dada aliyekataa akakosa kazi amebaguliwa kwa jinsia yake na pia ametendewa jinai. Anaweza kwenda TAKUKURU.

Tukija kwa wenye ulemavu ndo utaona tunavyocheza na sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na watu wenye ulemavu wenye sifa wasiopungua asilimia 3. Chukua kikokotoo. Asilimia 3 ya watu 20 ni 0.6 ya mtu. Mpaka ufikishe wafanyakazi 34 ndipo unapata mtu mmoja kamili. Kwa hiyo kampuni ya watu 25 inaweza kukaa miaka 10 bila kuajiri hata mmoja, ikakwambia hesabu haijatimia. Na hiyo ya watu 300 inayopaswa kuwa nao 9, nani amewahi kwenda kuwahesabu? Kijana anayetumia kiti mwendo anaitwa kwenye usaili ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, halafu inaandikwa hakufika.

Na sisi wa upinzani. Mimi mwenyewe niliwahi kufika hatua ya mwisho ya usaili kwenye kampuni moja binafsi. Maswali ya kazi yalikwisha vizuri. Kisha mmoja wa wasaili akafungua simu, akaniuliza yale ninayoandika mtandaoni nayaandika kama nani. Nikamjibu kama raia. Akacheka, akasema kampuni yao inafanya kazi na serikali na haitaki matatizo. Sikuitwa tena. Wengi wenu mnayo yenu yanayofanana na hayo, na baadhi ni mabaya zaidi.

Kuna pia ile ya barua. Kazi nyingi za kawaida zinataka utambulisho wa makazi. Serikali ya mtaa kutoa barua hiyo ni sawa. Lakini kuna waajiri wanaomtuma kijana aende kwanza kwa mjumbe wa nyumba kumi. Jamani, tuko kwenye vyama vingi tangu 1992. Mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama tawala, si ofisi ya serikali. Ukimtaka mwombaji kazi apite kwake, umemwekea kizuizi cha kisiasa. Ule ubaguzi wa kuzunguka ambao kifungu cha 7 kinausema ndio huu. Hakuna anayetamka neno chama, ila matokeo yanajulikana.

Tusidanganyane lakini. Si kila anayekosa kazi amebaguliwa. Kuna watu 400 wanaomba nafasi moja, 399 lazima wakose. Na si kila kutofautisha ni kosa. Sheria yenyewe inaruhusu mambo matatu: hatua za makusudi za kuinua kundi lililoachwa nyuma, vigezo ambavyo kweli ni vya lazima kwa kazi yenyewe, na kuwapa raia kipaumbele kwa mujibu wa sheria ya kukuza ajira. Ukitaka dereva mwenye leseni ya daraja fulani hujambagua asiye nayo. Mtumishi wa umma naye anazo kanuni za maadili zinazomkataza kufanya siasa kazini, na hilo linaeleweka. Tunachokataa ni mtu kunyimwa riziki kwa sababu ya alivyo au anavyoamini, wakati kazi ingeweza kufanyika vilevile.

Wako watakaosema utofauti kazini ni anasa ya nchi tajiri, sisi kwanza tutafute ajira. Hoja hiyo si mpya. Baada ya uhuru, viongozi wa vyama vya wafanyakazi walitaka nafasi za serikali wapewe Waafrika kwanza, na raia wenye asili ya Asia na Ulaya wasubiri. Madai yao yalikuwa na mantiki, maana mkoloni alikuwa amewafungia Waafrika milango kwa miaka mingi. Mwaka 1961 Nyerere alisimama bungeni kupinga uraia wa kupimwa kwa rangi, akawa tayari hata kujiuzulu. Januari 1964 akatangaza mwisho wa kutofautisha raia kwa rangi katika ajira za serikali, na vyama vya wafanyakazi vilimpinga wazi. Tunaweza kumkosoa Mwalimu kwa mengi, kuanzia chama kimoja hadi sheria ya kuweka watu kizuizini. Kwenye hili alikuwa sahihi: ukiruhusu raia mmoja kubaguliwa kwa rangi leo, kesho utabagua kwa kabila, keshokutwa kwa chama. Kinachoshangaza ni wale wanaomtaja kila siku kwenye majukwaa, halafu ofisini wanauliza "huyu ni mtu wetu?"

Basi kama sheria ni nzuri hivi, mbona imelala?

Sababu ya kwanza ni kwamba utekelezaji wake haumpi raia macho. Kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini. Ni kitu kizuri sana kwenye karatasi. Lakini mfanyakazi wa kawaida hajawahi kuuona mpango wa kampuni yake, na wengi hawajui kama upo. Afrika Kusini, Sheria ya Usawa wa Ajira ya 1998 inawataka waajiri wakubwa wapeleke serikalini kila mwaka taarifa ya nani wako kwenye ngazi gani ya kazi. Kenya, sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa taifa inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja. Wakenya wenyewe watakwambia sheria hiyo inavunjwa. Sawa, ila wana namba ya kumshikia mtu. Sisi hatuna.

Sababu ya pili ni hofu. Mwenye kazi ya kibarua hathubutu kulalamika kwa sababu nje ya geti kuna vijana 20 wanasubiri nafasi yake. Na wengi wanaamini kwamba bila mkataba wa maandishi wao si wafanyakazi. Si kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kukiwa na mojawapo ya dalili kadhaa, mfano anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, anategemea kipato chake kwake, anapewa vifaa vya kazi na huyo mtu, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita. Dada wa kazi za ndani, kijana wa gereji, mhudumu wa baa, someni hapo.

Sababu ya tatu ni miezi 6 ya mwanzo. Aliye chini ya miezi 6 kazini hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali kama wengine. Waajiri wanalijua hili na wanalitumia. Ila kinga ya kutobaguliwa iko kwenye sehemu nyingine ya sheria, na kama nilivyosema, inamlinda hata ambaye hajaajiriwa. Kwa hiyo ukiachishwa mwezi wa 4 baada ya mwajiri kugundua una mimba au una kadi ya chama, usikubali kuambiwa huna haki yoyote.

Haya, tufanyeje?

Likikukuta, andika siku hiyohiyo. Tarehe, saa, nani alisema, nani alisikia. Piga picha tangazo au ujumbe kabla haujafutwa. Kisha nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ujaze fomu namba moja ya malalamiko. Kama umeachishwa kazi una siku 30 tangu kuachishwa. Kwa malalamiko mengine una siku 60. Siku hizo hazisubiri mtu amalize kulia. Si lazima uwe na wakili. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi au mwakilishi wako. Wa Zanzibar mna sheria yenu ya ajira, Namba 11 ya 2005, kwa sababu mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo msitumie vifungu nilivyovitaja hapa bila kuangalia vya kwenu.

Sisi kama jumuiya ya vijana, kila wilaya ina makada waliosoma sheria. Watenge siku moja kwa mwezi wakae ofisi ya chama wasaidie vijana kujaza fomu za CMA, wa chama chetu na wasio wa chama chetu. Kama tunapigania kutobaguliwa kwa siasa, hatuwezi kumuuliza mtu kadi mlangoni.

Na hapo ndipo nataka nimalizie na nyumbani, najua wengine mtanuna. Chama nacho ni mwajiri. Kina makatibu, madereva, wahasibu, walinzi. Nafasi hizo zinatangazwa? Ofisi zetu ngapi kiti mwendo kinaingia? Mabinti wanaojitolea kwenye kampeni wakilalamika kwamba kiongozi fulani anawasumbua, wanapelekwa kwa nani, na wanarudi na jibu gani? Mara ngapi tumesikia "huyu si mtu wa kanda yetu" kwenye vikao vyetu wenyewe? Tukishika dola tukiwa na tabia hizi, tutabadilisha majina tu kwenye milango ya ofisi. Napendekeza Mkutano wetu Mkuu wa Vijana upitishe kwamba kila ajira ya chama itangazwe, kuwe na dawati la malalamiko lisiloongozwa na wenye vyeo vya kisiasa, na taarifa ya nani ameajiriwa isomwe kila mwaka mbele ya wajumbe.

Kwa serikali, madai yetu yawe mafupi na yanayopimika. Mipango ya fursa sawa iliyosajiliwa kwa Kamishna wa Kazi iwekwe wazi ili mfanyakazi aisome. Fomu za maombi ya kazi zisiulize dini, kabila, ndoa wala chama. Asilimia 3 ya wenye ulemavu ianze na angalau mtu mmoja kwa kila mwajiri mwenye watu 20, na wakaguzi wa kazi waongezwe wakahakiki. Likizo ya baba iongezwe kutoka siku 3. Na Katiba Mpya itakapoandikwa, ulemavu utajwe kwa jina kwenye ibara ya kutobaguliwa, maana Ibara ya 13 ya sasa haiutaji.

Hakuna kati ya haya kinachohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kinachohitajika ni watu wanaoijua sheria na wasioogopa kujaza fomu. Kwa hiyo ukiona kijana kwenye kundi anasema amefukuzwa kwa sababu ya chama, pole mpe, halafu muulize ni siku ya ngapi leo. Kama hazijafika 30, mchukue mkono mwende.

Aluta continua.